Injini Ikizimika Juu ya Ziwa Victoria: Mwongozo kwa Rubani wa Ndege Ndogo Anayerukia Mwanza

Ndege ikiwa imeegeshwa tu uwanjani Mwanza, altimita (kipima kimo juu ya usawa wa bahari) iliyowekwa sawasawa husoma futi 3,763. Uso wa ziwa lililo pembeni upo kwenye futi 3,720 hivi. Kila mwanafunzi ninayempokea huziandika namba hizi mbili kwenye karatasi anayofunga pajani, hata kama ameshasoma urubani mahali pengine. Aliyezoea kuruka Dar es Salaam akiona futi 4,500 anajua ana nafasi tele chini yake. Huku kwetu, futi 4,500 juu ya ziwa maana yake ni futi 780 tu kufika majini, na injini ikizimika hapo una dakika moja kabla ya kugusa maji.

Mwongozo huu ni wa rubani wa ndege ya injini moja ya pistoni, mfano Cessna 172, anayeruka kati ya Mwanza, Bukoba, Musoma, Rubondo na viwanja vya Serengeti. Namba nitakazotaja zitakusaidia kupanga safari, lakini penye tofauti fuata kitabu cha ndege yako.

Anza na mafuta, jioni ya kuamkia safari

Injini nyingi zinazozimika angani hazijavunjika chochote. Zimekosa mafuta, au mafuta yapo tangini ila hayafiki, au yamefika yakiwa na maji. Habari hii inatia moyo, kwa sababu yote matatu unaweza kuyazuia ukiwa umesimama chini na tochi mkononi.

Jaza matangi jioni kama uzito wa kesho unaruhusu. Tangi lililojaa nusu hulala na hewa ndani, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Usiku ukipoa, unyevu huo hugeuka matone yanayoshuka chini ya petroli. Wakati wa masika kagua pia mipira ya vifuniko vya matangi, maana ikichakaa maji ya mvua huingia yenyewe.

Asubuhi, kabla hujaitikisa ndege, toa sampuli kwenye kila sehemu ya chini ya kutolea: mabawa yote mawili, na chujio la mbele. Petroli ya ndege ya daraja la 100LL ni ya buluu hafifu. Maji hukaa chini ya kikombe kama ushanga. Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu: kikombe kizima kikiwa maji, huoni mstari wowote wa kutenganisha, unaona kitu safi kinachong'aa na kuridhika. Kwa hiyo tazama rangi mbele ya kitu cheupe, nusa, kisha dondosha tone kwenye kidole. Petroli hukauka mara moja na kuacha ubaridi.

Ukichota mafuta kwenye pipa, lichuje kila lita bila kujali pipa limetoka kwa nani. Ukijaziwa na gari la mafuta, simama pale mwenyewe. Mafuta ya ndege za jeti yakiingia kwenye injini ya pistoni, ndege inaweza kuwaka, kutembea hadi mwanzo wa njia na hata kunyanyuka, kwa sababu kwenye mabomba bado kuna petroli ya zamani. Halafu injini hupata joto kupita kiasi na kujipasua ukiwa chini kabisa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hutoweka bila alama, mafuta ya jeti huacha duara la mafuta na harufu ya mafuta ya taa.

Kiasi pia pima kwa kijiti, usiamini geji. Cessna 172 hula takriban lita 32 kwa saa, zaidi kidogo wakati wa kupanda. Sheria inadai akiba ya dakika 30 kwa safari ya mchana. Mimi sivuki ziwa bila saa nzima ya akiba, kwani mvua ikiziba Bukoba unahitaji kurudi kote ulikotoka.

Halafu tundu la hewa la tangi. Ni kijibomba kidogo chini ya bawa, na nyigu wa huku hukipenda kwa kujengea udongo. Tangi likikosa hewa ya kuingia, mafuta hushindwa kushuka, na injini huzimika huku geji ikikuonyesha nusu tangi. Kagua kwa macho na kwa kidole. Fungua na kifuniko cha injini utazame ndani. Ndege wa porini wanaweza kupeleka majani mengi mle kwa asubuhi moja. Na kama wale inzi wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, wamepita uwanjani, angalia chujio la hewa kabla ya kuwasha. Ukiwaona angani, zunguka.

Barafu kwenye nchi ya joto

Wanafunzi wangu hawaniamini ninapowaambia kwamba Mwanza, jua likiwaka, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) inaweza kuganda barafu. Lakini hesabu haidanganyi. Petroli inapogeuka mvuke kwenye koo la kabureta, na hewa inapopita pale penye wembamba, joto hushuka kwa zaidi ya nyuzi 20. Hewa ya Mwanza ya nyuzi 22 asubuhi, iliyoshiba unyevu wa ziwa, hufika kwenye kuganda bila taabu. Hatari huwa kubwa zaidi unaposhuka na nguvu ndogo, kwa mfano unapoteremka kuelekea Bukoba baada ya mvua ya alfajiri.

Dalili ni za pole pole. Mizunguko ya injini hupungua, unasukuma nguvu kidogo bila kufikiri, inapungua tena, halafu injini inaanza kutetema. Vuta hewa moto ya kabureta yote, si nusu. Injini itazidi kukohoa kwa muda, kwa sababu barafu inayeyuka na maji yake yanapita kwenye mitungi. Hapo ndipo rubani mwenye hofu huirudisha, na ndilo kosa. Iache. Ikisafika, mizunguko itapanda.

Ndege zenye mfumo wa kupuliza mafuta moja kwa moja kwenye mitungi, kama 172S, hazina kabureta, kwa hiyo shida hii haziijui.

Chora njia kwa hesabu ya kuteleza

Cessna 172 isiyo na injini husafiri mbele takriban mara tisa ya kimo inachopoteza. Kwa kila futi 1,000 unapata maili 1.5 za baharini, karibu kilometa 2.7, kama hakuna upepo wa mbele. Sasa toa futi 3,720 za ziwa kwenye kila kimo unachopanga.

Kwa safari ya kwenda Bukoba, ambako vimo vya kawaida ni 4,500, 6,500 na 8,500, mambo yanakuwa hivi. Ukiwa 4,500 unateleza kilometa 2. Ukiwa 6,500, kilometa 7 na ushei. Ukiwa 8,500, kilometa 13, na una dakika sita au zaidi za kufikiri. Tofauti ya mafuta kati ya 4,500 na 8,500 ni lita chache. Sijaona sababu ya maana ya kuvuka ziwa chini.

Chukua ramani, na kuzunguka kila kipande cha nchi kavu chora mstari wa umbali unaoweza kuteleza. Utaona jambo la kushtua: mstari ulionyooka kutoka Mwanza hadi Bukoba, kilometa 174 hivi, unapita juu ya maji matupu ambako duara lako haligusi kisiwa chochote kwa muda mrefu. Njia ya kusini inapita Kome, Maisome, Rubondo, kisha inapinda kaskazini kufuata pwani ya Muleba. Inaongeza kilometa zipatazo 55, chini ya dakika 20 za kuruka. Ninapita njia hiyo kila mara kwa injini moja. Abiria akilalamika kwamba tunazunguka, namwonyesha ramani.

Panda ukiwa juu ya nchi kavu. Ndege iliyobeba watu wanne mchana wa joto inahitaji dakika kumi au zaidi kufika 8,500, na ukizimaliza hizo ukielekea majini, umetumia sehemu dhaifu zaidi ya safari mahali pabaya zaidi. Zunguka mara moja upande wa Ilemela, kisha uondoke.

Hali ya hewa ya ziwa ina saa zake. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na kujenga radi, ambazo asubuhi mara nyingi bado zipo upande wa magharibi, huko huko unakokwenda. Mchana upepo hugeuka, huvuma kutoka ziwani, na mawingu huhamia bara. Soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mpigie simu mtu aliyeko unakokwenda akuambie anaona nini kwa macho yake.

Kuruka usiku juu ya ziwa kwa injini moja sikushauri. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa kwa mamia, na kutoka juu taa hizo huchanganyika na nyota hadi hujui mstari wa upeo uko wapi. Injini ikizimika hapo, hata kuiweka ndege sawa ni kazi.

Maneno ya kusema kabla ya kuruka

Mchana wa nyuzi 28, hewa ya Mwanza ni nyepesi kiasi kwamba ndege inajihisi ipo juu ya futi 6,000. Inakimbia zaidi chini, inapanda kwa uvivu, na injini yenye kabureta iliyoachiwa mafuta mengi kupita kiasi hukosa nguvu. Punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa kama kitabu kinavyoelekeza kwa viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, ukiwa umesimama kwa nguvu kamili.

Kisha, breki zikiwa zimeshikwa, sema kwa sauti. Hata ukiwa peke yako, sema:

"Injini ikilegea kabla sijanyanyuka, nafunga nguvu, nashika breki, nabaki njiani. Ikizimika nikiwa hewani chini ya 4,800, pua chini, natua mbele, kushoto au kulia kidogo. Sigeuki. Juu ya 4,800 nafikiria kurudi. Leo upepo unatoka huku, na mbele yangu kuna kile pale."

Hiyo 4,800 ni uwanja ukijumlisha futi 1,000 na kitu. Na neno "sigeuki" lina sababu yake. Kurudi kwenye njia uliyotoka si kugeuka nyuzi 180, ni zaidi ya 200, kwa sababu lazima ujipange tena na mstari. Ukilaza ndege nyuzi 45, mwendo ambao bawa huacha kubeba hupanda kwa karibu asilimia 19. Rubani anaona ardhi inakuja, anavuta usukani, anakanyaga pedali kuharakisha kona, na bawa la ndani linaanguka kwanza. Akiwa chini hivyo hana kimo cha kujirekebisha. Aliyetua mbele, hata kwenye shamba la mihogo, ana nafasi kubwa ya kutoka na miguu yake.

Injini imezimika angani

Kwanza, shusha pua. Kabla ya redio, kabla ya swichi, kabla ya kumjibu abiria. Tafuta mwendo wa kuteleza: fundo 65 kwa 172 nyingi za zamani, 68 kwa 172S, yaani kama kilometa 120 kwa saa. Rekebisha trimu (kirekebishi cha usawa wa pua) ndege ikae yenyewe.

Pili, geukia mahali ulipokwisha kupachagua. Ninasema "ulipokwisha" kwa makusudi. Kila dakika tano za safari jiulize, ikizimika sasa naelekea wapi? Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akinirudishia nguvu chini bila kuniambia, tena nikiwa katikati ya sentensi, kisha ananitazama mkono. Mkono uliokwenda kwenye redio kwanza ulimkasirisha. Baada ya miezi mitatu mkono wangu ulikuwa unasukuma usukani mbele kabla akili haijaelewa kilichotokea.

Tatu, jaribu kuiwasha kama una kimo. Pita kwa mkono kutoka sakafuni kwenda juu ili usiruke kitu: swichi ya tangi (hamishia lenye mafuta, au kwenye yote mawili), mchanganyiko mbele kabisa, hewa moto ya kabureta, pampu ya umeme kama ipo, magneto (mitambo miwili ya cheche za injini) pande zote mbili, kisha moja moja. Ukiwa chini ya futi 1,000 kutoka ardhini au majini, acha kujaribu. Endesha ndege.

Nne, redio. "Mayday" mara tatu kwenye masafa uliyopo, jina la ndege, mahali, unachokusudia, idadi ya watu. Usipojibiwa, hamia 121.5, masafa ya dharura. Transponda (kifaa kinachojibu rada) iweke 7700, namba ya dharura. Taja mahali kwa majina ambayo mvuvi anaweza kuyajua: "kaskazini mwa Kome", "karibu na daraja la Kigongo na Busisi". Namba za GPS zitafuata kama kuna muda.

Injini inayokohoa bila kuzimika kabisa inastahili aya yake. Ina hila kuliko iliyokufa, maana inakupa tumaini. Rubani anasema itafika, anapita uwanja mmoja, anapita wa pili, halafu inakata akiwa juu ya maji. Ihesabu kama imeshakufa: nenda kwenye pa kutua palipo karibu, ukiwa na kimo cha kuteleza hadi pale bila msaada wake.

Pa kutua nchi kavu

Mwanza inaitwa Jiji la Miamba, na miamba hiyo haikuishia mjini. Ufukwe wenye mawe uache. Usukumani, ukitoka kidogo kuelekea Magu au Misungwi, kuna mashamba mapana. Shamba kavu la pamba au mihogo ni zuri ukitua kufuata matuta, kamwe usiyakate. Majaruba ya mpunga yenye maji yanapendeza kutoka juu, lakini gurudumu la mbele litazama kwenye tope au kugonga tuta na ndege itapinduka. Barabara kuu ina daladala, bodaboda na nyaya. Nyaya hutaziona, tafuta nguzo, ujue nyaya zipo kati yake. Uwanja wa shule uuache, watoto hukimbilia ndege.

Jihadhari na kijani kibichi kilicholala tambarare kabisa kando ya ziwa. Mafunjo na magugumaji huonekana kama malisho. Chini yake ni maji au tope, na mtumbwi hauwezi kukufikia haraka.

Kabla ya kugusa: mafuta yafungwe, magneto zizimwe, vibawa vya kutulia vishushwe, kisha zima umeme mkuu. Fungua kitasa cha mlango ukiwa bado hewani, ili fremu ikipinda mlango usikwame.

Kutua majini

Kama nchi kavu haifikiki, amua mapema na uache kuitamani. Wengi huumia kwa kuvuta pua juu mita za mwisho ili wafike ufukweni.

Jaketi okozi lazima liwe mwilini tangu mnapoondoka, maana kwenye kiti cha 172 huwezi kulivaa na kuendesha. Liwe la kujazwa kwa kuvuta kamba. Yale manene ya boti ni hatari ndani ya ndege: kabini ikijaa maji yanakuinua na kukubana juu, mbali na mlango. Waambie abiria chini, kwa kuwaonyesha kwa mikono, kwamba kamba inavutwa wakiwa nje ya ndege tu.

Elekea kwenye watu. Mialo ya wavuvi iko mingi pwani na visiwani, na mitumbwi ndiyo kikosi chako cha kwanza cha uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilipotumbukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba na watu 43, wavuvi ndio waliofika kwanza. Watu 19 walifariki, 24 waliokoka. Tua pembeni na mbele kidogo ya mtumbwi, usiulenge.

Upepo ukiwa mdogo tua sambamba na mawimbi. Ukiwa mkali, ukabili. Bila injini, kitabu cha 172 za zamani kinataka fundo 65 vibawa vikiwa juu, au 60 vikiwa nyuzi 10. Maji yakiwa yametulia kama kioo huwezi kupima kimo kwa macho, kwa hiyo tua karibu na ufuo, boti au majani yanayoelea upate cha kulinganisha. Gusa kwa mkia chini kidogo, mwendo mdogo kadiri ndege inavyobeba.

Magurudumu yasiyokunjika yatashika maji na ndege inaweza kupinduka. Tarajia hivyo. Mkono mmoja ushike fremu ya mlango tangu kabla ya kugusa, na usiuachie. Mtikisiko ukiisha, mlango kwanza, mkanda baadaye. Ukifungua mkanda kabla hujashika kitu, ndani ya maji yenye giza hutajua juu ni wapi. Mlango ukikataa, subiri kabini ijae zaidi, msukumo utalingana na utafunguka, au piga dirisha. Toka, vuta kamba, hesabu watu.

Kaeni pamoja. Maji ya ziwa huwa karibu nyuzi 25, kwa hiyo baridi haitawaua upesi. Kinachoua ni kuchoka kwa kuogelea kuelekea ufuo unaoonekana karibu kuliko ulivyo. Pwani zenye matete zina viboko na mamba pia. Simu iliyo kwenye mfuko usiopitisha maji hushika mtandao sehemu nyingi karibu na visiwa: piga 112.

Mazoezi

Mara moja kwa mwezi, ukiwa na mkufunzi, rudisha nguvu chini juu ya uwanja ukiwa na kimo cha kutosha na uteleze hadi njiani. Kila futi 1,000 amsha injini kwa sekunde chache isipoe mno. Andika ulipogusa: ulipita, ulipungukiwa, kwa mita ngapi. Nyumbani, kaa kwenye kiti, fumba macho, pitisha mkono kwenye swichi kwa mpangilio hadi usikosee. Nenda na abiria wako wa mara kwa mara kwenye maji ya kina kifupi mkajaribu majaketi.

Ukiwahi kutua kwa dharura, hata salama na injini ikawaka tena yenyewe, usiiruke kuirudisha nyumbani. Toa taarifa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mwite fundi mwenye leseni, na uhifadhi sampuli ya mafuta kwenye chupa safi yenye tarehe, kabla mtu hajamimina mapya juu yake.